Mwenda bure si mkaa bure: Siku moja makumbushoni na bustanini London

Neno "bure" katika lugha yetu lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasi na kulipiwa, na kazi ya bure ni ile isiyokuwa na faida. Mtu akikuuliza umepata nini safarini, nawe ukamjibu "bure", hatajua kama ulipewa ukaridhika au ulirudi mikono mitupu. Wazee wetu walilijua fumbo hili, ndipo wakatuachia methali isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Leo nataka kukusimulia, msomaji mpenzi, juu ya siku moja niliyokwenda bure katika mji wa London, na yale niliyoyaokota huko.

Nalikuwa mgeni wa mpwa wangu, kijana mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ambaye ni dereva wa basi katika mji huo. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati ambapo jua la Uingereza huchwa baada ya saa tatu za usiku, na sala ya Magharibi huchelewa hata mtu aliyezoea pwani yetu akadhani saa yake imeharibika. Asubuhi ile aliniamkia, "Sabalkheri, mjomba," nami nikamwitikia, "Akheri, mwanangu." Akanambia kwamba siku ile hana zamu, na kwamba atanitembeza tangu asubuhi hata Alasiri pasi na mimi kutoa hata senti moja mlangoni.

"Hapa kila kitu ni ghali, mjomba," akasema, "hata maji ya kunywa. Lakini mawili ni ya bure: kutazama mambo ya kale, na kukaa bustanini."

Nikacheka, nikavaa kofia yangu, tukatoka.

Jumba lisilokuwa na kiingilio

Jumba la makumbusho liitwalo British Museum liko mtaa wa Bloomsbury, katikati ya mji. Mbele yake zimesimama nguzo nene za mawe mfano wa hekalu la Wayunani. Langoni mikoba hupekuliwa, na baada ya hapo mtu huingia zake. Hapana tikiti ya kununua. Kuna masanduku ya sadaka. Apendaye hutia, asiyependa hupita, wala hapana amtazamaye kwa jicho baya. Ndani mna ua mkubwa uliofunikwa paa la kioo, lililofunguliwa mwaka wa 2000. Paa hilo limeungwa kwa vipande 3,312 vya kioo, wala hapana viwili vilivyolingana sawasawa.

Nikasimama pale chini ya paa nikiwatazama watu zaidi kuliko vitu. Palikuwa na watoto wa shule waliokaa sakafuni wakichora sanamu kwa penseli. Palikuwa na wazee waliokuja na viti vyao vya kukunja, Waarabu na familia zao, Wahindi, Wachina, na kina mama wa Kisomali waliovaa mashungi kama ya kwetu. Tajiri na maskini waliingia mlango mmoja, na bei yao ilikuwa moja, nayo ni hapana.

Asili ya jumba hili ni tabibu mmoja aliyeitwa Hans Sloane. Alipokufa mwaka wa 1753 aliacha vitu vipatavyo 71,000, vitabu na majani makavu na sarafu na mawe, akausia kwamba taifa livichukue kwa sharti warithi wake walipwe pauni 20,000. Bunge likapitisha sheria mwaka ule ule, na fedha zikachangishwa kwa bahati nasibu. Naam, msomaji, hazina hii ilianza kwa fedha za mchezo ambao sisi tumekatazwa! Milango ilifunguliwa tarehe 15 Januari, 1759. Hapo kwanza mtu alitakiwa aandike barua kuomba tikiti, na mvuja jasho hakuwa na nafasi ya kungoja majibu, lakini kiingilio hakikuwapo. Mwaka wa 1974 serikali ya wakati ule ilijaribu kutoza ada, nayo haikudumu ila miezi mitatu, ikafutwa.

Wakfu usiokuwa na jina hilo

Mtu aliyekulia chuoni pwani, akayasikia hayo, hapana shaka atalikumbuka jambo moja: wakfu. Sisi twajua mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mwenyewe akishaiweka, mkono wake umetoka, na manufaa yake hubakia kwa watu hata baada ya yeye kuwa mchanga. Miji yetu yote ya pwani imejengwa juu ya wakfu. Visima ambavyo wapita njia walivitekea maji, mashamba ya minazi ambayo mafuta yake yaliwasha taa za misikiti, nyumba ambazo kodi zake zililisha walimu wa vyuo, zote zilikuwa sadaka zenye kuendelea.

Basi sheria ya jumba lile, iliyotungwa upya mwaka wa 1963, nayo yasema karibu maneno hayo hayo. Wadhamini hawana ruhusa ya kuuza vitu wala kuvitoa, ila katika mambo machache yaliyotajwa. Nilipomweleza mpwa wangu akastaajabu, akasema, "Kwa hiyo, mjomba, hawa nao wana wakfu?" Nikamwambia kwamba wana sura ya wakfu, na sura ni njema. Lakini wakfu una masharti, na sharti mojawapo ni kwamba mwenye kuweka sharti awe ni mwenye kumiliki. Huwezi kukivunja kisima cha jirani, ukachukua mawe yake, ukayajengea birika la sabili. Maji yatakuwa matamu na wenye kiu watakuombea dua, lakini mawe yatabaki ni ya jirani.

Hata huyo Sloane, mali yake kwa sehemu ilitokana na mashamba ya miwa ya Jamaica, aliyoyapata mkewe kwa mume wake wa kwanza, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa waliotolewa bara letu la Afrika. Mwaka wa 2020 jumba lenyewe liliiondoa sanamu yake mahali pa heshima ilipokuwa, likaitia ndani ya kabati la kioo pamoja na maelezo ya utumwa huo. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwani mwenye kukiri asili ya mali yake amekwisha piga hatua ya kwanza.

Mawe yenye kusema

Tulianza kwa lile jiwe mashuhuri la Rosetta, lililookotwa karibu na mji wa Rashid huko Misri mwaka wa 1799. Jiwe hilo lina maneno ya amri moja yaliyoandikwa kwa hati tatu, mbili za Kimisri cha kale na moja ya Kiyunani, na kwa njia yake Mfaransa Champollion aliweza mwaka wa 1822 kufumbua maandishi ya Mafirauni. Mimi niliyefundishwa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kabla ya kuijua hii ya Kizungu, nilisimama hapo kwa muda mrefu. Lakini tazama jinsi lilivyofika: askari wa Ufaransa walilichukua Misri, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa baada ya kuwashinda mwaka wa 1801, na tangu 1802 liko London. Watu wawili walinyang'anyana, na Mmisri mwenye jiwe hakuulizwa.

Tukapanda juu kwenye vyumba vya ulimwengu wa Kiislamu, vilivyofunguliwa mwezi wa Oktoba, 2018, kwa msaada wa wakfu wa Albukhary wa Malaysia. Humo nililiona birika la shaba lililotiwa nakshi za fedha, kazi ya fundi Shuja bin Mana wa Mosul, nalo limetajwa mwezi wake na mwaka wake: Rajabu, 629 ya Hijria, yaani 1232. Niliiona pia ala ya shaba ya kupimia nyota, aliyoifanya Abdulkarim wa Misri mwaka wa 633 wa Hijria. Manahodha wetu wa majahazi walipima nyota kwa kamali, kibao na uzi wenye mafundo, lakini elimu ni moja, na bahari iliyowaleta waliokuwa na elimu hiyo ni hii yetu. Mpwa wangu, ambaye msahafu aliukhitimu Mombasa kabla ya kupanda ndege, akawa asoma herufi moja moja kwa sauti ndogo, na mama mmoja wa Kizungu akasimama kumsikiliza. Nilifurahi sana. Siku hizi twazoea kuambiwa kwamba yetu ni machache. Pale yalikuwa mengi, na kijana wetu ndiye aliyekuwa mwalimu.

Chini, katika ghorofa ya ardhini, ndiko iliko Afrika. Mna nguo za kila upande, na miongoni mwazo ni kanga. Ajabu ya kuiona kanga ndani ya kioo! Kwetu kanga ni ya kujitanda, ya kumbebea mtoto, ya kumfumbia jirani maneno. Mna pia mti mkubwa wa chuma, majani yake na ndege wake vimetengenezwa kwa vipande vya bunduki zilizobaki baada ya vita vya Msumbiji vilivyokwisha mwaka wa 1992. Mti huo uliagizwa, ukafanywa na mafundi wa Maputo kwa ridhaa yao, ukafika London. Na hapo karibu yametundikwa mabamba ya shaba ya Benin, yaliyochukuliwa na askari wa Kiingereza walipouteka na kuuchoma mji huo mwaka wa 1897. Chumba kimoja, lakini hiki kililetwa na kile kilitekwa. Mtazamaji asiyesoma maelezo hataijua tofauti.

Ngoma isiyosikika

Nikawa napita kutoka kabati hata kabati, nikatazama, nikarudi. Mpwa wangu akaniuliza, "Wapoteza nini, mjomba?" Nikamwambia: natafuta ngoma.

Ngoma yenyewe ni Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana. Haikuwa ngoma ya kuchezea harusi. Ilihifadhiwa na wazee, na ilipolia watu wote walijua kwamba kuna neno. Mwaka wa 1902 maofisa wa kikoloni waliichukua kwa nguvu, na mwaka wa 1908 ikatiwa katika jumba hili la London. Ripoti zilizotoka mwaka wa 2019 zilieleza kwamba imo ghalani, na kwamba watu wa kizazi cha wenyewe wamekwenda safari ndefu kuiona huko huko ghalani, kisha wakarudi Tana pasi nayo.

Usistaajabu, msomaji, kwamba iko ghala. Jumba lile lina vitu vipatavyo milioni nane, na vinavyowekwa mbele ya watu kwa wakati mmoja ni kiasi cha 80,000 tu, yaani kimoja katika kila mia. Basi hapo ndipo neno "bure" liliponigeuzia uso wake wa pili. Mlango hauna kiingilio, ni kweli. Lakini mzee wa Garsen au Hola anayetaka kuiona ngoma ya babu yake sharti apate pasipoti, aombe viza, alipe viza hiyo hata kama atanyimwa, anunue tikiti ya ndege, kisha aombe ruhusa ya kufunguliwa ghala. Kwake yeye hilo ndilo jumba ghali kuliko yote duniani.

Pengine kuna msomaji atakayeuliza: ngoma ya jadi yatuhusu nini sisi watu wa msikiti? Yatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, Mpokomo ni jirani yetu, na wengi wao twasimama nao safu moja katika sala. Pili, amana ni amana. Dini haikutuambia turudishe amana kwa wale tu tunaoafikiana nao. Tatu, sisi sote twala mali ya Wapokomo kila siku bila kujua, kwani sauti ya wimbo wetu wa taifa, uliotungwa wakati wa uhuru wa 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Kenya nzima yasimama wima kwa sauti iliyotoka Tana, na ngoma ya Tana imelala gizani Bloomsbury.

Husemwa kwamba vitu hivyo viko salama zaidi huko kuliko vingekuwa kwetu. Hoja hiyo ilipata ufa mkubwa mwezi wa Agosti, 2023, jumba lenyewe lilipotangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vilikuwa vimeibiwa, vimepotea au vimeharibiwa, hata mkurugenzi wake akajiuzulu. Husemwa pia kwamba sheria imewafunga mikono. Lakini mwaka wa 2024 jumba hilo pamoja na jenzake la Victoria and Albert yalipeleka vitu 32 vya dhahabu na vya enzi ya Waashanti katika makumbusho ya kasri la Kumasi, Ghana, kwa mkopo wa miaka mitatu. Mwenye mali akaazimwa mali yake! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sijui wangesema nini kama nguo yenyewe ingekuwa ni ya huyo huyo mwenye kuazimwa.

Karatasi za Mwalimu Sikujua

Tulipotoka tukavuka njia, tukaingia bustani ya Russell Square, iliyo nyuma ya jumba. Mkewe mpwa wangu alikuwa ametufungia mahamri na mbaazi, na chupa ya chai ya moto yenye iliki. Tukakaa juu ya ubao wa bure chini ya miti mikubwa, tukala.

Pembeni mwa bustani ile kuna chuo cha masomo ya Asia na Afrika, kilichoanzishwa mwaka wa 1916, na maktaba yake yahifadhi maandishi mengi ya Kiswahili cha kale. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, yaliyokusanywa na Mwingereza W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mswahili wa Mombasa. Kutokana na karatasi hizo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka wa 1940. Bila mikono hiyo, sehemu kubwa ya maneno ya Muyaka ingalikwenda na wale waliokuwa wakiyahifadhi vifuani.

Hapo sharti tuseme haki, hata ikiwa juu ya nafsi zetu. Ni nyumba ngapi za Lamu, Pate na Siyu ambamo tenzi zililiwa na mchwa ndani ya masanduku, au zilirowa paa lilipovuja? Ni warithi wangapi waliogawana mikufu na minazi, wakaviacha vitabu vya marehemu kuwa karatasi za kufungia? Mwenye kuhifadhi ana ujira wake. Lakini tofauti ni hii: Mwalimu Sikujua aliandika kwa kalamu yake mwenyewe, akijua anamwandikia nani. Ngadji haikutolewa na mtu; ilitwaliwa. Watu wakitaka kujadili mambo ya makumbusho na waanze na swali hilo moja, kwamba kitu hiki kilitoka vipi mkononi mwa mwenyewe. Mengine yote yafuata.

Kiwanja kwa kiwanja

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Tukapanda basi hata pembeni mwa Regent's Park, ambako uko msikiti mkuu wa London wenye kuba la rangi ya dhahabu. Watu wa kila kabila walikuwa wakitia udhu, na nilisikia Kiswahili cha Unguja nyuma yangu kabla sijavua viatu.

Msikiti huo una historia yenye mafunzo. Mwaka wa 1944 Mfalme George wa Sita alikifungua kituo cha Kiislamu mahali hapo, katika kiwanja kilichotolewa na serikali ya Uingereza. Nayo serikali ya Misri ilikuwa imetoa kiwanja mjini Cairo ili Waingereza wajenge kanisa lao. Msikiti wenyewe ulikamilika mwaka wa 1977, nao ulichorwa na Mwingereza, Frederick Gibberd. Naam, serikali mbili ziliketi, kila moja ikaona kwamba mwenziwe ana haja na mahali pa ibada, zikapeana ardhi. Ardhi, msomaji, ni kitu kizito kuliko ngoma! Basi palipo na nia hapakosi njia, na sheria iliyotungwa bungeni mwaka wa 1963 yaweza kutazamwa tena na bunge hilo hilo.

Tulipokwisha sali tukaingia bustanini. Regent's Park ni kubwa, ekari zipatazo 400, yenye ziwa na mabata, na nyasi zilizokatwa kama zulia. Zamani ilikuwa ardhi ya masista wa Kikristo. Mfalme Henry wa Nane akaitwaa katika karne ya 16, akaifanya msitu wake wa kuwindia swala. Kuanzia mwaka wa 1811 fundi John Nash akaichora upya iwe bustani ya kuzungukwa na nyumba za matajiri. Watu wote wakaja kuruhusiwa mwaka wa 1835, tena kwa siku mbili tu za wiki. Leo ni ya kila mtu na kila siku. Ardhi ile ilinyang'anywa, ikafungwa, ikafunguliwa nusu, ikafunguliwa yote. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba lililokaa miaka mingi halibadiliki.

Katikati yake mna bustani ya Malkia Mary yenye miti ya waridi ipatayo 12,000. Ulikuwa msimu wake, na harufu ilitupokea kabla ya kuyaona maua. Niliwakumbuka kina mama wa kwetu na vikuba vyao vya asumini na kilua. Nikatazama kama kuna atakayechuma hata ua moja, sikumwona. Watoto walikimbia, wazee walisinzia, na mtu mmoja alikuwa amelala chali juu ya majani, viatu kando, kana kwamba bustani ni ua wa nyumba yake. Viti vya turubai vilikuwa vya kukodi, lakini mbao za kukalia ni za bure, nasi tukachagua mbao.

"Ni nani alipaye haya yote, mwanangu?" nikamwuliza.

"Mimi, mjomba," akajibu akicheka. "Hukatwa kila mwezi katika mshahara kabla sijauona."

Jibu lake lilikuwa la mzaha, na ndani yake mlikuwa na ukweli wa siku nzima. Hapana kitu cha bure kwa maana ya kwamba hakikulipiwa na mtu. Bure ni kwamba watu wamechanga, ili asiyekuwa nacho aingie pamoja na aliye nacho. Dereva wa basi amechanga kwa kodi yake. Mtumwa wa Jamaica alichangishwa kwa jasho na damu. Na Mpokomo alikwisha lipa kiingilio chake mwaka wa 1902, akalipa na cha wajukuu zake wote, wala hajapewa risiti. Nilipokuwa nimekaa pale nikautunga ubeti huu mmoja:

Nimepita mlangoni, pasi na kulipa pesa,
Nikaona kabatini, ya kale hata ya sasa,
Ngoma ya Tana ghalani, wenyewe wameikosa,
Bure yao ina deni, na kulipa wamesusa.

Yaliyo mikononi mwetu

Sikuyaandika haya ili kuwalaumu Waingereza peke yao, kwani lawama ni rahisi. Kuna mengi wanayotushinda, nasi tuyaige. Mji wenye bustani za wazi ni mji wenye kupumua. Sisi Mombasa tuna ufuo wa Mama Ngina, uliotengenezwa upya mwaka wa 2019, ambako mtu hukaa bure akala muhogo na dafu akitazama meli zikiingia Kilindini. Tuutunze. Takataka zinazotupwa pale hazikutupwa na wakoloni. Tuna Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ambayo wapo watoto wa Mji wa Kale waijuao kwa nje tu, kama ukuta wa kuegemea. Mzazi na amshike mtoto mkono amtie ndani, amwonyeshe, amweleze.

Katika miaka ya karibuni, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wasanii wetu na majumba mawili ya Ujerumani walifanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Walivipata zaidi ya 32,000 katika majumba 30. Hiyo ni kazi ya maana, kwani mdai asiyekuwa na hesabu hasikilizwi. Kila kaya iliyo na barua, utenzi, pembe, kiti cha enzi au upanga wa babu nayo na ifanye orodha yake ndogo: ni kitu gani, kilikuwa cha nani, kimefikaje hapo. Orodha hiyo itatufaa siku ya kudai, na itatuzuia sisi wenyewe tusiviuze kwa wapita njia.

Na jambo la mwisho halihitaji viza wala nauli. Asubuhi ambapo bendera hupandishwa shuleni, watoto wetu huimba wimbo wa taifa. Mtoto arudipo nyumbani, ewe mzazi, mwambie kwamba sauti aliyoiimba ni ya mama wa Tana aliyekuwa akimbembeleza mwanawe. Kisha mwambie na ngoma ya Tana iko wapi, ilichukuliwa mwaka gani, na inaitwaje.